Kijiti Kilichojifanya Hewa

Msomaji mmoja wa Muheza ameniandikia kuhusu mpwa wake wa miaka saba. Mtoto alikuwa anakimbia na mshale wa kuchezea, ufito mkavu uliochongwa ncha, akajikwaa na kuanguka kifudifudi. Ncha ikamchoma kwenye kope la chini. Damu ilikuwa kidogo, kilio kingi. Hospitali wakamsafisha na kumpima macho, wakaona anaona vizuri. Wakampiga picha ya CT-scan, majibu yakaja kwamba kuna hewa kidogo nyuma ya jicho, hakuna kitu kigeni. Akashonwa nyuzi mbili, akarudi nyumbani. Mshale ukatupwa uvunguni.

Wiki ya tatu kope likavimba. Akapewa vidonge, likanywea. Vidonge vilipoisha, likavimba tena. Mwezi wa pili, pembeni ya kovu pakafunguka kijitundu cha usaha, kikijifunga Jumatatu kinafunguka Ijumaa. Picha ya pili ikasema kuna nyama iliyovimba. Mwishowe daktari wa upasuaji akafungua, akatoa kipande cha mti chenye urefu wa pingili moja ya kidole. Msomaji anauliza, na hasira yake naisikia kwenye karatasi: "Dada, mashine inayoona mpaka ndani ya ubongo imeshindwaje kuona kijiti mara mbili?"

Mashine ilikiona, tena mara zote mbili. Jinsi kilivyoonekana kisionekane ni jambo tamu kiasi kwamba nitaruka mengine yote ili nilifikie. Konea, lenzi, retina, na ile picha inayopinduka juu chini, mlivimaliza shuleni, na mimi vilinichosha tangu wakati ule.

Niseme kwanza kwamba mtoto huyu ana wenzake. Mwaka 2013 madaktari wa hospitali ya chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, walieleza habari ya kijana wa miaka 24 kutoka Afghanistan aliyewafikia mwaka 2011. Kwa miaka mingi alikuwa akiumwa kichwa, ana mafua yasiyokwisha, na jicho lake moja lilizidi kufifia. Walipompiga picha wakakuta penseli ya sentimita 10 imelala ndani ya kichwa, kuanzia kwenye uwazi wa pua hadi kooni, nayo imeliumiza tundu la jicho la kulia. Mwenyewe hakujua iliingiaje. Alichokumbuka ni kwamba utotoni aliwahi kuanguka vibaya. Ilikadiriwa kwamba ametembea nayo miaka 15. Penseli! Mwanafunzi akiipoteza darasani anatafutiwa fimbo, na huyu alikuwa nayo muda wote.

Vitabu vyetu vya tiba huita jambo la namna hii "kitu kigeni". Jina hilo silipendi. Mgeni kwetu hupiga hodi, hukaribishwa, hula, na siku ya tatu hupewa jembe. Kijiti kilichojibanza nyuma ya jicho hakikupiga hodi wala hakitashika jembe. Nilifikiria "kipenyezi", lakini neno hilo linanukia sukari ya magendo. Kisha nikawakumbuka vijana wa bandarini, wale wanaoingia melini usiku na kujificha katikati ya shehena mpaka nanga ing'olewe. Tunawaita wazamiaji, na kitendo chao ni kuzamia. Basi kitu kinachofanya hivyo ndani ya mwili nakipa ngeli ya vitu: kizamia, wingi wake vizamia. Mhariri wangu amelalamika kwamba kuzama ni kwenda chini ya maji, na mti huelea. Nimemwomba avumilie. Kabla makala haijaisha, mti huu utazama.

Meli yenyewe ni ndogo lakini imepakiwa kwa ustadi. Tundu la jicho la mtu mzima lina ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko sita vya dawa. Tufe la jicho linachukua kama mililita 7, kijiko kimoja na nusu hivi. Kwingine kote kumejaa mafuta laini, misuli inayozungusha jicho, mishipa ya damu na neva. Tufe hilo ni gumu kwa nje, lina utelezi, na limeegemea mafuta. Ncha ikilisukuma kutoka pembeni, mara nyingi halitoboki. Linachepuka kama kokwa ya zambarau kati ya vidole viwili, na ncha inapita kando yake mpaka kwenye mafuta. Ndiyo maana mtoto aliweza kusoma herufi za ukutani huku kijiti kiko nyuma ya jicho lake. Ngozi ya kope nayo ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili, na ina damu tele, kwa hiyo jeraha lake hufunga upesi. Mlango umeshafungwa, nahodha hana habari, meli inaondoka.

Sasa tuingie kwenye mashine. CT-scan haipigi picha kama simu. Inapitisha miale ya eksirei kutoka pande nyingi, inapima kiasi kilichonyonywa na mwili njiani, kisha kompyuta inapiga hesabu mpaka kila kijipande cha mwili, kidogo kuliko punje ya mchele, kipate namba yake. Namba hizo ziko kwenye kipimo kinachobeba jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpima mgonjwa wa kwanza mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Maji ni sifuri. Hewa ni hasi 1000. Mafuta yako karibu na hasi 100, misuli iko kwenye 40 hadi 60, na mfupa mgumu unavuka 1000. Mtoto wa Muheza alipoteremka kwenye kitanda cha mashine, kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa daftari la namba, na kijiti kilikuwa kimeandikwa humo, kila kijipande na alama yake.

Lakini daktari hasomi namba, anaangalia picha, na picha hiyo inakwenda kutoka nyeusi mpaka nyeupe kupitia kijivu. Macho yetu hayatenganishi vivuli elfu mbili vya kijivu. Yanatenganisha vichache tu. Ukivigawa hivyo vichache kwa namba zote, kuanzia hewa hadi mfupa, basi misuli, damu na usaha vitafanana kabisa, kwa kuwa vimepishana kidogo mno. Kwa hiyo wataalamu hufungua kile wanachokiita dirisha. Huchagua sehemu ndogo ya namba, kwa picha za nyama laini mara nyingi kuanzia hasi 160 hadi 240, na vivuli vyote hutumika humo. Kilicho juu ya 240 huwa cheupe pe. Kilicho chini ya hasi 160 huwa cheusi tii.

Fikiria matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani linajua alama ya kila mtoto, ila cheti kinaonyesha herufi. Aliyepata 75 ana A, na aliyepata 98 ana A hiyohiyo. Kule chini, kuanzia 29 kushuka mpaka sifuri, kote ni F. Sasa chukua watoto wawili wa nyumba moja. Wa kwanza alikabidhi karatasi tupu, akapata 0. Wa pili alihangaika, akajibu alichoweza, akakosa alama moja tu aione D, amepata 29. Matokeo yanatoka, ukoo mzima umeinamia simu: F na F. Mjomba anatikisa kichwa na kusema wote wawili hawana kitu kichwani.

Hapo mjomba amekosea, maana mmoja anacho. Nenda kwa mwalimu wa taaluma, uombe alama ghafi. Atafungua daftari na utaona 0 na 29, pengo la kupita lori. Hakuna mtihani mpya uliofanyika, hakuna karatasi iliyosahihishwa upya, hakuna ada iliyoongezwa. Umesoma tu kilichokuwa kimeandikwa tangu mwanzo. Hewa ndiye yule wa karatasi tupu. Mti mkavu ndiye yule wa 29. Katika dirisha la nyama laini wote wamepewa F, wote ni weusi tii, na msoma picha, kama mjomba wetu, akasema hakuna kitu. Angepanua dirisha, kwa mfano akatumia lile la kuangalia mapafu linaloanzia hasi 1350 hadi 150, hewa ingebaki karibu na weusi, na mti ungepanda kuwa kijivu. Kipande kikiwa kikubwa, hata nyuzi za mti zinaweza kuonekana, mstari kwa mstari, kama kwenye meza ya mninga. Hayo yote ni kazi ya kubofya mara moja.

Utauliza kwa nini msoma picha hakushtuka kuona hewa nyuma ya jicho. Hakushtuka kwa sababu hewa ina kibali cha kuwa pale. Ukuta wa tundu la jicho ulio upande wa pua ni mfupa mwembamba mno, hata wanaanatomia wakaupa jina la Kilatini "lamina papyracea", bamba la karatasi. Ng'ambo yake kuna vyumba vya hewa vya pua. Ngumi moja inaweza kuupasua, na mgonjwa akipenga kamasi, hewa inasukumwa nyuma ya jicho. Wanaopokea majeruhi wameizoea. Ila hewa haina pembe. Ni povu, hupenda umbo la mviringo, na mgonjwa akilala chali huelea juu kuelekea usoni. Weusi ulionyooka kama rula, uliotulia chini na kukataa kupanda, unastahili kutiliwa shaka.

Bado kuna fumbo: mti ni kitu kizito cha kuvunjia kichwa, iweje upewe alama za jirani ya hewa? Jibu ni kwamba mti mkavu sehemu yake kubwa ni hewa kweli. Nyama ya mti yenyewe, yaani kuta za seli zake, ina densiti ya takriban gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Ni nzito kuliko maji, na haitofautiani sana kati ya mti na mti. Msonobari mkavu una densiti ya karibu nusu ya maji kwa sababu mirija yake ni mipana na imejaa hewa. Mpingo umeibana mirija, densiti yake inafika 1.2 na zaidi, na ukiutupa majini unazama kama jiwe. Mashine haitengi ukuta na hewa; inapima kijipande kizima na kutoa wastani, na wastani wa ufito mkavu huangukia mamia kadhaa chini ya sifuri. Wachonga vinyago wa Mwenge watafurahi kujua kwamba kibanzi cha mpingo kingepata namba ya juu kuliko maji, juu hata ya misuli. Kizamia cha mpingo hakina pa kujificha. Cha ufito mkavu kina meli nzima.

Mhariri, tega macho, maana sasa mti unazama. Tishu za mwili zimejaa maji, na mti mkavu una kiu. Siku baada ya siku maji yanaingia kwenye mirija, hewa inatolewa, namba inapanda. Imeanzia mamia chini ya sifuri, inafika karibu na hasi 100, na hapo kizamia kimevaa sare ya mafuta yanayokizunguka. Kinaendelea kunywa. Namba inakaribia sifuri, inavuka, inafika ilipo misuli. Kwa hiyo siku ya kwanza utaambiwa hewa, na baada ya wiki kadhaa utaambiwa nyama. Yarudie majibu mawili ya Muheza uone yanavyopatana: ni kijiti kilekile, kwanza kikavu, kisha kimelowa. Mzamiaji aliyepanda na kaptura amefungua sanduku la mabaharia, sasa anapita sitahani amevaa sare iliyopigwa pasi, na nahodha anamjibu saluti.

Mwili haukudanganyika, kwa kuwa wenyewe hauangalii rangi. Ulijua tangu mapema kwamba kuna mzamiaji. Hauna kimeng'enya cha kuyeyusha mti, kwa hiyo ulijenga ukuta wa nyama ngumu kuuzunguka, ukapeleka chembe nyeupe za damu, na usaha ukatafuta njia ya kutokea. Ile mirija iliyobeba hewa ilibeba pia bakteria, wakati mwingine na kuvu. Vidonge vinafagia ua, lakini ndani ya mirija ya mti hakuna damu ya kuvipeleka. Mtoto anapona wiki moja, waliojificha wanatoka, kope linavimba upya. Uvimbe unaokuja na kuondoka kwa ratiba ya vidonge ni mwili unaobisha hodi kwa niaba ya kitu kisichobisha.

Turudi kwenye mashine: ipo hadithi moja ya asili ya hesabu za CT ambayo kila nikiikumbuka natabasamu. Kabla ya Hounsfield, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuwaza tatizo hilohilo alipokuwa akisimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1957 alizijaribu hesabu zake kwa kitu rahisi: mcheduara wa alumini uliozungushiwa pete ya mbao. Naam, mbao. Akapitisha miale, akachora vipimo vyake, na karibu na katikati akaona nukta tatu zimekaa kwenye mstari wenye mwinamo tofauti kidogo na wa wenzake. Mwingine angesema ni makosa ya vipimo. Yeye akaenda karakana kuuliza, akaambiwa kwamba ndani ya mcheduara, katikati kabisa, kulikuwa na kipini cha alumini ya namna nyingine. Hakuwa na habari nacho. Kwa hiyo katika jaribio lake la kwanza, kabla mashine yenyewe haijaundwa, hesabu ya CT ilikamata kizamia ambacho hata mwenye hesabu hakukijua. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Mimi ningempa nyingine kwa ajili ya ile safari ya karakana.

Niyamalize ya lazima haraka. MRI mara nyingi huonyesha mti vizuri, lakini ni sumaku kubwa, na chuma ndani ya jicho kinaweza kusogea. Mwaka 1986 iliripotiwa Marekani kwamba fundi wa mabati alivuja damu ndani ya jicho kwa namna hiyo. Ndiyo maana huanza CT. Kipande cha kioo au risasi kilichotulia kwenye mafuta huweza kuachwa kizeeke na mwenyewe, mti hutolewa. Si kila weusi ni mti, na si kila usaha una kizamia. Kitu kikiwa bado kimechomeka, usikichomoe wala usilikandamize jicho: lifunike kwa kikombe, nenda hospitali. Na kilichobaki cha hicho kitu, hata kama ni kibanzi, nenda nacho.

Hilo la mwisho sikulitoa kitabuni, liko kwenye ukurasa wa mwisho wa barua ya Muheza. Mwezi wa tatu, bibi yake mtoto alikuwa anafagia uvunguni akaukuta ule mshale. Akauokota, akaugeuza, akaona ncha haipo. Akaufunga kwenye kanga pamoja na mshale mwenzake uliobaki mzima, akapanda nao basi. Daktari aliilaza mishale yote miwili mezani sambamba, akapima kwa rula kilichopungua. Kisha akakaa kwenye kompyuta, akafungua picha ya kwanza kabisa, ile ya hewa, akapanua dirisha. Weusi ukagawanyika. Upande mmoja kulikuwa na povu. Upande wa pili kulikuwa na kitu cha kijivu kilichonyooka, na rula ya kwenye skrini ikasoma urefu uleule wa mezani.

Msoma picha huchagua dirisha kwa kufuata fomu inayoletwa pamoja na mgonjwa. Bibi aliomba aonyeshwe fomu ya siku ile ya kwanza. Mahali pa chanzo cha jeraha paliandikwa neno moja: "Ameanguka."